Nafasi ya Ishirini na Moja

Inspekta Wawira aliusoma ukurasa wa pili akiwa amesimama, mkoba ungali begani. Alipofika mwisho alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Hii ilikuwa wapi siku hizi zote?"

"Hapa hapa, madam," alisema Wachuka, karani wa stoo katika shamba la maua la Sirwai. "Uliniomba ya grinhausi kumi na nne. Nikakupea ya kumi na nne."

Ilikuwa kweli. Siku tisa kabla ya hapo, katika ofisi hiyo hiyo juu kidogo ya kitongoji cha Kamere, Wawira alikuwa ameomba kumbukumbu za mlango mmoja tu. Alhamisi ya tarehe sita Februari, wiki moja kabla ya Valentine, mchumaji wa waridi aitwaye Fancy Jemutai aliingia grinhausi namba kumi na nne, nyumba ya plastiki ya kukuzia maua, akiwa na ndoo mbili. Taa ya mlangoni ilikuwa kijani. Dawa ya wadudu ilikuwa imepigwa humo asubuhi hiyo, na kisanduku cha kompyuta kilichoko chumba cha pampu kilitakiwa kuufunga mlango kwa saa ishirini na nne. Fancy alikutwa ameanguka kati ya mistari ya maua, povu mdomoni. Alikufa kesho yake saa tisa alasiri, akiwa na miaka ishirini na sita.

Karatasi ya mlango wa kumi na nne ilionyesha kwamba kufuli lilifunguka baada ya saa tatu tu. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kulazimisha makufuli yafunguke, mpiga dawa aitwaye Nyongesa, na wiki hiyo Fancy alikuwa amemripoti kwa meneja kwamba anakuja kazini amelewa. Wawira hakutafuta zaidi. Alimkamata Nyongesa wakati wa chai, akamfunga pingu mbele ya wafanyakazi mia mbili. Siku ya nne akiwa seli, Nyongesa alitia sahihi maelezo ya kukiri. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji.

Jana, akipanga faili la mahakama, Wawira aliona jambo dogo. Kupiga dawa kuliisha saa moja na dakika kumi na mbili. Mlango ulifunguka saa nne na dakika kumi na mbili. Hakuna mkono wa mtu unaopatia hivyo. Ndipo akampigia Wachuka simu, akaomba kumbukumbu za siku nzima.

Sasa alikuwa nazo. Siku ile zilipigwa grinhausi sita kabla kazi haijasimamishwa. Milango yote sita ilifunguka baada ya saa tatu kamili tangu dawa ipigwe. Hiyo mingine mitano hakuna aliyeisukuma, kwa kuwa haikuwa na maua ya kuchuma.

"Grinhausi ya kumi na saba imefunguka saa tano na dakika tano," alisema. "Nyongesa alikuwa wapi saa hiyo?"

Wachuka hakufungua kitabu chochote. "Kliniki ya shamba. Wapiga dawa hutolewa damu ya kupimwa kila mwezi, na hiyo siku ilikuwa yao. Sista ako na sahihi yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, madam."

Nyongesa mwenyewe alikuwa amemwambia. Siku ya kwanza, akiwa bado na overoli ya kazi, alisema, "Afande, angalia na hizo milango zingine." Wawira alikumbuka sauti. Alikumbuka pia kwamba hakuiandika sentensi hiyo popote.

Aliinama juu ya karatasi ili Wachuka asimwone uso. Maagizo ya kupiga dawa ya siku huingizwa yote kwenye kisanduku alfajiri, kabla pampu haijawashwa. Akayahesabu. Yalikuwa ishirini na moja, na la mwisho lilikuwa la grinhausi namba tatu.

"Kuna siku nyingine mliingiza maagizo mengi hivi?"

Wachuka alipekua. Ilikuwepo moja, kumi na tisa Desemba. Maagizo ishirini na moja, la mwisho grinhausi namba tisa. Siku hiyo milango ilikuwa imefunguka saa tisa tangu dawa ipigwe, jioni, watu wakiwa wameshaenda nyumbani. Siku nyingine zote, maagizo ishirini au pungufu, milango ilikaa saa ishirini na nne bila kukosea.

La mwisho namba tatu, saa tatu. La mwisho namba tisa, saa tisa.

Meneja wa shamba, Naftaly Kihara, aliingia akipangusa miwani. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, mzee wa kanisa, na tangu msiba alikuwa anavaa tai nyeusi.

"Inspekta, hicho kisanduku kilipimwa na mtaalamu wenu kutoka Nairobi. Alisema kiko sawa."

"Alikipima tarehe kumi na mbili. Kati ya tarehe sita na kumi na mbili, nani alikigusa?"

Naftaly alifikiri. "Hakuna."

"Naomba kitabu cha wageni cha langoni."

Kililetwa. Tarehe saba Februari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mwandiko safi kama wa mwalimu: *Q. Odongo. Service.*

"Huyo ni Quincy," alisema Naftaly polepole. "Ndiye alitutengenezea hiyo mitambo. Lakini sikumwita."

Wawira alifunga kitabu. "Mlikuwa na kisanduku kimoja tu?"

"Viwili," alisema Wachuka. "Cha blok B kilitolewa Januari, paa ilipovuja. Kiko kwa stoo. Hakuna mtu amekigusa tangu hapo."

* * *

Quincy Odongo alifundisha programu za kompyuta katika chuo kimoja mjini Nakuru na alikaa Kiamunyi, kwenye nyumba ambayo upande mmoja bado haujapigwa plasta. Mkewe, Celestine, alimkaribisha Wawira, akamwekea chai, akaketi karibu na mumewe. Wawira hakumwambia aondoke. Baadaye alijiuliza kama ingekuwa heshima kumwambia.

"Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta. Nieleze kile kisanduku kinavyokumbuka kazi ya siku."

Quincy alionekana kufurahi kuulizwa jambo analolijua. Alichukua daftari akaandika mstari mmoja: *int kazi[40];*

"Hii tunaita array. Kwa Kiswahili mimi huwaambia wanafunzi ni safu. *Int* ni kusema nitaweka namba nzima. *Kazi* ni jina lake. Hiyo arobaini ndani ya mabano ya mraba ni nafasi ngapi unataka. Ukiandika hivyo, kompyuta inakukatia kipande cha kumbukumbu. Ni kama hapa Kiamunyi shamba la mtu likikatwa ploti, moja inashikana na nyingine, hakuna njia katikati."

"Kila agizo la dawa linakaa kwa ploti yake."

"Ndiyo. Unaweka namba ya grinhausi. Agizo la kwanza ploti ya kwanza, la pili ya pili."

"Na nikileta maagizo kuliko ploti?"

Kalamu ilisimama. "Inategemea lugha ya programu. Kuna lugha zinakukatalia, programu inasimama inakuambia umetoka nje. Hii nilitumia ni ya zamani, ni nyepesi, inaingia kwa mtambo mdogo. Yenyewe haikatalii. Inaandika tu."

"Inaandika wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani ni nani?"

Quincy alitazama mstari aliouandika. "Chochote kile kilichotajwa baada yake."

"Uandike huo mstari wa pili, mwalimu."

Aliuandika, taratibu, chini ya ule wa kwanza: *int masaa;*

"Masaa ya nini?"

"Ya kukaa nje baada ya dawa. Kisanduku kikiwaka asubuhi kinaweka humo ishirini na nne."

Wawira alitoa karatasi mbili akaziweka kando ya daftari. "Tarehe sita maagizo yalikuwa ishirini na moja. La mwisho ni namba tatu, milango ikafunguka masaa matatu. Desemba ilikuwa namba tisa, ikafunguka masaa tisa."

"Lakini nafasi ni arobaini, madam. Ishirini na moja iko ndani kabisa. Hata mtaalamu wenu aliona."

"Tarehe sita pia zilikuwa arobaini?"

"Zilikuwa arobaini."

"Tarehe saba alfajiri ulienda Sirwai kufanya nini?"

Celestine aligeuza kichwa. "Tarehe saba? Si uliniambia umeitwa chuoni kusimamia mtihani?"

Quincy aliendelea kuizungusha kalamu, macho kwenye daftari.

"Kile cha blok B kiko kwa gari yangu," alisema Wawira. "Hukukigusa siku hiyo kwa sababu kilikuwa stoo na stoo ilikuwa imefungwa. Vaa viatu, mwalimu. Tunaenda kukijaribu."

* * *

Fundi wa shamba alikiunganisha kisanduku cha blok B na grinhausi namba moja, iliyokuwa tupu, ikingoja miche mipya. Kwenye tangi waliweka maji matupu. Wachuka aliingiza maagizo moja moja huku Wawira akihesabu kwa sauti na konstebo akiandika. Agizo la ishirini na moja Wawira alimwambia aweke namba moja.

"Kama kisanduku ni kizima, hiyo taa itakaa nyekundu mpaka kesho saa kama hizi," alimwambia Naftaly. "Kama si kizima, itakuwa kijani baada ya saa moja."

Pampu ilivuma. Maji yalinyesha ndani ya plastiki kwa dakika chache, kisha yakakatika. Kufuli liligonga. Taa ikawa nyekundu. Konstebo aliandika: saa nane na dakika tano mchana.

Waliketi kwenye kreti za maua zilizopinduliwa, Wawira, Naftaly, Wachuka na Quincy. Wachumaji waliokuwa wanapita na ndoo walipunguza mwendo, wakawatazama, wakaendelea. Mmoja wao, mama wa makamo, alisimama akamuuliza Wachuka, "Wanangoja nini?" Wachuka akamwonyesha taa kwa kidole.

Ilipofika saa tisa kasorobo Quincy alisema, "Madam, itafunguka."

Konstebo alishika kalamu.

"Zilikuwa arobaini mwanzo. Mwaka jana Agosti meneja akataka kisanduku kiwe kinawatumia mameneja ujumbe kwa simu. Huo mtambo ni mdogo sana, kumbukumbu yake ni ya kubanana, na huo ujumbe unataka nafasi. Programu ikakataa kuingia. Nikatafuta mahali pa kupunguza. Nikaona hakuna siku mmefikisha kazi ishirini. Nikafuta arobaini nikaandika ishirini. Ni mstari mmoja ulikuwa unabaki kuandika. Wa kuangalia kama nafasi zimejaa kabla ya kuweka nyingine. Nilisema nitauweka baadaye."

"Ukasahau," alisema Wawira.

"Nafundisha huo mstari kila muhula. Wiki ya tatu. Kuna mwanafunzi nilimrudishia kazi yake mbele ya darasa kwa sababu hakuuweka. Nilimuuliza kama anataka kuua mtu."

Naftaly alivua miwani. "Quincy. Mimi nilikupigia simu ile jioni ya tarehe sita. Nilikuambia kuna msichana amezidiwa na taa ilikuwa kijani. Nikakuuliza kama mashine inaweza kukosea."

"Ndiyo, mzee."

"Ukasema haiwezekani."

"Ndiyo. Halafu nilifungua laptop nikaangalia, na nikaona. Sikulala. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa langoni. Nikasema nikirudisha arobaini, na msichana akipona, itaisha hivyo. Kumbukumbu iliyobaki haikutosha, nikatoa huo ujumbe wa simu ili arobaini iingie. Hamkuona kuwa ujumbe uliacha kuja."

"Tuliona," alisema Naftaly. "Tulidhani ni network."

Alipoendelea hakuwa akimtazama Quincy tena, alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. "Daktari aliniuliza kama huyo msichana aliingia kwa dawa. Kwa sababu ulikuwa umesema haiwezekani, nikamwambia hapana, grinhausi ilikuwa salama. Wakamtibu pumu. Usiku mzima na asubuhi yote wanamtibu pumu."

Wawira alijua ripoti ya upasuaji wa maiti kwa kichwa. Sumu ya dawa hiyo ina tiba yake, na hospitali ilikuwa nayo kabatini.

"Ulitoka hapa saa ngapi siku hiyo ya saba?" alimuuliza Quincy.

"Saa moja na nusu."

"Yeye alikufa saa tisa."

"Najua, madam. Nimeihesabu. Masaa saba na nusu." Quincy aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti. "Ningesema neno moja. Niliona aibu kulisema."

Saa tisa na dakika tano kufuli liligonga. Wachuka aliruka kidogo. Juu ya mlango taa nyekundu ilizima na ya kijani ikawaka, na mlango ukaachia kiasi cha kidole.

Konstebo aliandika saa. Wawira alimtaka kila aliyekuwapo atie sahihi. Naftaly alikosea jina lake, ikabidi aliandike mara mbili.

Walipofika kwenye gari, konstebo alizitoa pingu akamtazama bosi wake. Wawira alitikisa kichwa, Quincy akaingia nyuma mwenyewe, akafunga mkanda. Mwendo wa kilomita chache baadaye Wawira alitambua alichokifanya. Mwalimu wa chuo alikuwa amepanda gari kama abiria. Mpiga dawa, ambaye hakuwa na kosa, alikuwa ameburutwa. Hakuna aliyemwagiza afanye tofauti hiyo. Mkono wake mwenyewe ndio ulioifanya, mara zote mbili.

* * *

Kituoni alimwacha Quincy na konstebo aandike maelezo, kisha akaomba Nyongesa aletwe kwenye chumba cha mahojiano. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo dirishani. Nyongesa alikuwa amekonda. Alibaki amesimama, nyuma ya kiti.

"Keti."

"Niko sawa hivi, afande."

Basi Wawira naye akasimama. Alimweleza yote, kisanduku, nafasi ishirini, agizo la ishirini na moja, mlango wa kumi na saba uliofunguka yeye akiwa kliniki anatolewa damu. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mahakamani, kwa sababu hakujua namna nyingine. Nyongesa alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kesho asubuhi naenda kwa mwendesha mashtaka na hii ripoti. Utaachiliwa. Yale maelezo ya kukiri nitaandika mimi mwenyewe jinsi yalivyopatikana."

"Utaandika aje?"

"Nitaandika ukweli."

"Ukweli ni upi? Uniambie, nisikie kama ni ule naujua."

"Kwamba siku ya nne nilimleta mama yako hapa. Nilimwonyesha ile karatasi. Nilimwambia mashine haidanganyi, na kwamba ukikubali korti itakuhurumia."

"Na yeye akasema nini?"

"Alikuambia ukubali, umwombe Mungu msamaha."

"Alinishika kichwa hapa," alisema Nyongesa akigusa utosi wake. "Aliniombea kama muuaji. Mama amenizaa, afande, na aliamini karatasi yako kuliko mimi. Nikaona kama yeye hanijui, nitamwambia nani tena? Nikaweka sahihi." Akaketi hatimaye, kwa uzito, kama mtu aliyechoka kutembea. "Fancy alinisema kwa meneja kwa sababu nilikuwa nalewa. Ni kweli nilikuwa nalewa. Alikuwa na haki. Sikuwa na kinyongo na yeye."

"Naomba unisamehe," alisema Wawira.

Hakuwahi kumwambia mahabusu maneno hayo katika miaka kumi na minne ya kazi, na yalitoka vibaya, kwa haraka, kama agizo.

"Mpigie mama," alisema Nyongesa. "Umwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitaki kumwambia. Nikimwambia mimi ataniambia nimeanza uongo tena."

Namba ilikuwa kwenye faili. Wawira aliweka simu mezani, sauti nje, ili Nyongesa asikie. Iliita muda mrefu. Mama huyo, Nanyama, alikuwa amerudi kwao Kimilili, na nyuma ya sauti yake kulisikika kuku na redio.

"Mama, ni Inspekta Wawira kutoka Nakuru."

"Amehukumiwa?" aliuliza mama. Redio ilizimwa.

"Hapana, mama. Hakuna hukumu. Mwanao hakuua. Ni mimi nilikosea."

"Rudia."

"Nyongesa hakufungua ile mlango. Ilifunguliwa na kosa la kompyuta, na aliyeitengeneza alificha, la sivyo yule msichana angetibiwa akapona. Siku ile alikuwa ananiambia ukweli, na mimi sikumsikiza. Na nilikudanganya wewe, mama. Sikujua nakudanganya, lakini sikutafuta kujua."

"Nilisimama kanisani," alisema mama, kwa sauti ndogo. "Nikaambia watu waniombee, nimezaa muuaji. Nilivua kitambaa cha kichwa mbele yao. Walichanga sukari na unga wakaniletea kama mtu amefiwa."

"Nitakuja huko, mama. Nitasimama hapo kanisani niseme mwenyewe."

"Na yule msichana. Wa watu. Wazazi wake wako?"

"Mama yake yuko. Huko Elburgon."

"Ulimwambia ni kijana wangu alimuua."

"Nilimwambia."

"Na sasa umemwambia si yeye? Umemwambia mtoto angepona?"

"Bado," alisema Wawira.

"Basi kanisa langu lingoje," alisema mama Nanyama. "Anza na huyo. Mimi wangu yuko hai."

Nyongesa alinyoosha mkono juu ya meza kuomba simu. Wawira akampa. Akatoka nje, akaufunga mlango taratibu, akasimama koridoni akitafuta funguo za gari mfukoni.